Ghala Likiwa Tupu

Kuanzia Februari hadi mwishoni mwa Septemba kikundi chetu cha maigizo kina ukumbi. Ni ghala la korosho la chama kimoja cha msingi cha ushirika, njia ya kwenda Mikindani ukitoka Mtwara mjini. Kuta za tofali, bati juu, sakafu imepasuka kuanzia mlangoni hadi katikati, na waigizaji wangu wamejifunza kuuruka ule ufa bila kuutazama. Mzigo wa mwisho ukishapelekwa bandarini, mlinzi anabaki na mizani, marundo ya magunia matupu na panya. Hapo ndipo tunapoingia sisi. Tunafanya mazoezi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, baada ya alasiri, na harufu ya korosho haijatoka ukutani. Mwezi wa tisa ukifika ukingoni katibu wa chama ananipigia simu. "Shikamoo Mwalimu. Jipangeni." Hasemi zaidi ya hapo. Tunatoa ngoma, tunatoa sanduku la maleba, tunafagia, tunakabidhi funguo. Korosho zinaingia ghalani, sisi tunatoka kuwafuata wenye korosho vijijini, maana huo ndio msimu ambao mtu ana noti ya kumtunza mwigizaji.

Nimeongoza maigizo kwa utaratibu huu tangu 2014. Nikikutana na wenzangu wa Dar es Salaam wananiuliza mbona sina jengo, mbona sina ofisi, mbona hata kibao cha kikundi hakipo barabarani. Nimeamua kujibu kwa maandishi, tena kwa urefu, kwa sababu jibu lake ni maisha yangu yote.

Nilizaliwa Newala mwaka 1976, juu kwenye uwanda wa Makonde, mahali ambapo mama zetu walikuwa wanateremka bondeni kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma lote, na ng'ambo ni Msumbiji. Kijijini kwetu hapakuwa na ukumbi wala mtu aliyejiita mwigizaji. Mwigizaji wa kwanza niliyemwona alikuja msibani.

Alikuwa amefariki mjomba wa mama yangu. Wanaotujua wanafahamu kwamba kwetu mjomba ndiye nguzo ya ukoo, kwa hiyo msiba ulikuwa mzito na watu walijaa. Siku ya pili asubuhi akaja mtani. Hakusalimu. Aliingia moja kwa moja ndani, akatoka amevaa kofia ya marehemu, fimbo ya marehemu mkononi, akaanza kuvuka ua kwa mwendo wa marehemu, ule wa goti bovu la kulia. Akasimama kwenye kila mlango akakohoa kile kikohozi chake cha kudai chai. Mimi nilikuwa na miaka minane au tisa na nilishikwa na hofu. Niliamini mjomba amerudi. Watu wazima wakaanza kugugumia kicheko, wengine wakilia hapohapo. Lakini nilichokishika, na ambacho kimenilisha hadi leo, ni macho ya yule mtani. Mwili wake ulikuwa wa mjomba, macho yake yalikuwa kazini. Muda wote alikuwa anamwangalia mjane. Akikohoa, anatazama. Akipiga hatua, anatazama. Mjane alikuwa ameinama na kanga usoni. Mtani akasogea karibu yake, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha lile goti kwa mikono miwili kama alivyokuwa akifanya mwenyewe, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, chai imeshapoa hiyo." Mjane akacheka. Akacheka hadi kanga ikaanguka. Mtani akavua kofia papo hapo, akadai hela yake ya utani, akaondoka.

Nimesoma vitabu vya uongozaji, nimekaa darasani miaka mitatu, na sijapata maelezo ya kazi hii yanayoipita asubuhi ile. Unaweka mwili wako kwenye igizo na macho yako kwa mwenye msiba, na unajua wakati wa kuvua kofia.

Baadaye nikachezwa unyago, ule tunaouita chiputu. Yaliyosemwa mle ndani sitayaandika hapa wala popote. Nitasema tu kwamba makungwi wetu walikuwa wanafundisha kwa wimbo, kwa kuigiza, kwa kukurudisha nyuma mara kumi mpaka mwili ukubali kile ambacho kichwa kimeshakariri. Nilipokuja kusikia neno "mazoezi" chuoni, nililijua tayari.

Nilianza kazi nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, Kiswahili na michezo, ndiyo maana hadi leo naitwa Mwalimu hata na watu ambao sijawafundisha. Mwaka 2001 nikapata nafasi Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Vijana wanaopanda basi Mtwara alfajiri na kuingia Dar jioni hawawezi kuijua safari ya wakati ule. Daraja la Mkapa lilikuwa bado, lilifunguliwa 2003. Ulikuwa unafika Ndundu, unasubiri kivuko cha Rufiji, na mvua ikiwa imenyesha unaweza kulala njiani siku mbili, tatu, ukila mihogo ya kuchoma na kusikiliza madereva wakigombana. Nilisafiri na begi moja na mkeka. Na mwaka uliofuata, 2002, lile jumba kubwa la maonyesho la chuo likaungua moto. Sisi tulikuja kutafuta jukwaa, jukwaa likawa majivu, tukaendelea kusoma uwanjani na chini ya miti. Wenzangu wengi walivunjika moyo. Mimi nilikuwa nimetoka mahali ambako kila kitu kinachezwa uani, kwa hiyo, Mungu anisamehe, nilijisikia nyumbani.

Somo moja la Bagamoyo lilinichukua miaka kulitoa mwilini. Mwalimu wetu, mtu niliyempenda sana, alikuwa mkali juu ya mgongo. Usimpe mtazamaji mgongo. Ni sahihi kabisa ukiwa na jukwaa lenye upande mmoja. Nikarudi Kusini, nikaenda kuigiza Kitangari, watu wakatuzunguka kama wanavyozunguka sindimba, na waigizaji wangu wakaanza kuzunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, kila mmoja akitafuta mahali pasipo na mgongo. Mahali hapo hapapo. Kwenye duara kuna mtu nyuma yako siku zote. Siku hizi namfundisha mwigizaji mgeni kwa kumkalisha nyuma ya mwenzake kwa saa nzima na kumuuliza, huyu ana huzuni au ana hasira, nionyeshe umejua wapi. Anajifunza kusoma mabega, kisogo, namna kanga inavyokazwa kiunoni. Akishajua kusoma mgongo wa mwenzake, wake unaanza kusema.

Kuanzia 2005 nilifanya kazi ambayo karibu kila msanii wa maigizo nchini ameifanya: maigizo ya miradi. Vyandarua, Ukimwi, vyoo, mimba za utotoni. Sitaidharau kazi hiyo. Nimeona mama akitoka kwenye onyesho letu la malaria na kwenda moja kwa moja zahanati na mtoto mgongoni. Na ukirudi kwenye chimbuko lake, wazo lilikuwa kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 80 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba wakiwa miongoni mwao, walikwenda kukaa vijijini, Malya kule Mwanza kwa mfano, wakatafuta pamoja na wenyeji tatizo ni lipi, kisha wenyeji wakaligeuza kuwa igizo kwa ngoma zao na lugha yao. Igizo lilitoka kijijini na mjadala ukabaki kijijini. Hadi linatufikia sisi, mambo yalikuwa yamepinduka. Muswada ulikuwa unakuja kwa basi. Juu yake kuna kisanduku kimeandikwa "ujumbe", na ujumbe umeshajazwa.

Mwaka 2014 ulikuja muswada wa kangomba.

Kwa msomaji wa mbali, nieleze. Mkorosho unatoa maua katikati ya mwaka, na ndipo mkulima anapohitaji salfa ya kupulizia. Asipopulizia, ubwiri unga unamaliza maua. Korosho zenyewe zinaanza kuanguka kuelekea Septemba na Oktoba. Tangu 2007 mkoani kwetu tunauza kwa stakabadhi ghalani: unapeleka chama cha msingi, inapimwa, inapangwa daraja, inakwenda ghala kuu, inapigwa mnada, halafu unasubiri malipo. Mfumo una faida zake na nimeshaona bei zikipanda kwa sababu yake. Ila kati ya salfa na malipo kuna miezi, na ndani ya miezi hiyo kuna ada, kuna msiba, kuna homa. Hapo ndipo anapokuja mtu na fedha taslimu na bakuli. Hana mizani. Anakupa hela leo, mnakubaliana bakuli ngapi za korosho utampa msimu ukifika, na bei anayoipanga ni ya mwenye shida. Huyo ndiye kangomba. Ni marufuku, na anayefanya anafanya usiku.

Muswada ulisema hivi: mkulima anadanganywa na kangomba, watoto wanakosa chakula, kangomba anakamatwa na polisi, mkulima anajiunga na chama, wote wanaimba. Tulitakiwa kwenda vijiji kumi na viwili. Posho ilikuwa nzuri.

Kijiji cha kwanza kilikuwa wilaya ya Tandahimba. Tulifika saa nane, tukachagua mwembe wenye kivuli cha kutosha, tukakaa upande unakotoka upepo ili sauti ziende kwa watu. Wapiga ngoma wakakusanya majani makavu ya mikorosho, wakawasha moto mdogo na kuanza kuwambisha ngoma, wakizigeuza taratibu, wakigonga kwa kidole, wakizirudisha motoni. Watoto wanakuja kwa moshi huo kuliko kwa kipaza sauti. Saa kumi tukaanza.

Kangomba alichezwa na kijana wa bodaboda, fundi kwelikweli. Alikuwa na bakuli la plastiki la bluu, na mchezo wake ulikuwa kulijaza korosho hadi zinamwagika pande zote, kisha analisukuma kwa goti na kusema, "Moja." Anajaza tena kilima kingine. "Bado moja." Watu wakaguna. Wazee wakapiga makofi ya uchungu, yale ya mtu anayejua. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya duara, nikihesabu dakika hadi polisi atoke nyuma ya mwembe.

Mama mmoja akaingia katikati. Umri wake kama hamsini hivi, kanga mbili, miguu mitupu. Hakuwa amelewa wala hakuwa na jazba. Alimfuata yule kijana, akamnyang'anya bakuli polepole kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akanitafuta kwa macho.

"Samahani, Mwalimu. Hapa mmesema uongo."

Kisha akamgeukia mwigizaji wa mkulima. "Mwanao anaumwa. Mwezi wa nane. Unakwenda kwa nani?"

Kijana wa watu akarudi kwenye muswada. "Kwa chama, mama."

"Chama kinafungua lini?"

"Mwezi wa kumi."

"Mtoto anasubiri?"

Hakujibu. Mama akamwelekezea bakuli yule kangomba. "Huyu simpendi. Alinipunja magunia mawili nikimwona. Lakini usiku ule ndiye aliyekuja. Mtamfunga, sawa, mfungeni. Sasa niambieni atakuja nani."

Akaenda kukaa mahali pake, bakuli likiwa mapajani.

Nyuma ya mwembe mwigizaji wetu wa polisi alikuwa ameshavaa kofia na ameshika pingu za bati. Alinitazama. Nilinyanyua mkono: kaa hapohapo. Ninaamini ule ndio uamuzi wa kwanza nilioufanya nikiwa mwongozaji. Yote ya nyuma nilikuwa natekeleza. Akabaki nyuma ya mti na kofia yake, na kwenye duara mambo yakaanza. Mjumbe wa bodi ya chama akasimama kujitetea na akazomewa. Mzee mmoja akasema mwaka ule chama kilichelewesha malipo hadi watu wakauza mabati. Kijana mmoja, jasho likimtoka, akasema yeye amewahi kununua kwa bakuli, na mtaji aliupata kwa kuuza baiskeli ya marehemu baba yake, na naye alidhulumiwa na mkubwa wake. Wakagombana. Wakaulizana kama kijiji kinaweza kuwa na mfuko wa mwezi wa nane. Adhana ya magharibi ikawakuta hapo, wakasali, baadhi wakarudi.

Niliandika ripoti nikaeleza yote kwa furaha. Jibu lilikuja kwamba ujumbe haukufika, na kwamba vijiji kumi na kimoja vilivyobaki vichezewe muswada kama ulivyo. Nikakaa na kikundi ghalani, tukazungumza hadi giza likaingia. Tulikuwa kumi na wanane. Kumi waliendelea na mradi chini ya mwongozaji mwingine, na sikuwalaumu hata kidogo. Mmoja alikuwa na mke wodini. Mimi nilirudisha fedha iliyobaki na kubaki na watu saba, ngoma nne na mizani mbovu ya chama tuliyoruhusiwa kuitumia kama kifaa cha jukwaani.

Miaka kadhaa baadaye nikasoma habari za Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazili. Alisimulia kwamba akiwa Peru mwanzoni mwa miaka ya 70, mama mmoja kwenye hadhira hakuridhika na jinsi waigizaji walivyomaliza tatizo la mke aliyedanganywa na mumewe, ikabidi apandishwe jukwaani aonyeshe mwenyewe. Hapo Boal akabadilisha kazi yake yote. Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Nililia, na sikulia kwa sababu ya Boal. Nililia kwa sababu nilikuwa nimebeba ile siku ya Tandahimba kama kosa.

Basi, kujitegemea kunaendaje? Mfadhili wetu mkubwa ni mikorosho ya mama yangu. Kwetu shamba linafuata upande wa mama, na aliponiachia aliniachia miti arobaini kule Newala. Msimu mzuri, miti ile inatupeleka vijiji vingi. Msimu mbaya, tunaigiza Mtwara mjini na Mikindani tu, mahali tunapofika kwa bodaboda. Nyongeza inatoka kwa watu wenyewe: katikati ya onyesho mama anainuka akicheza, anamzunguka mwigizaji aliyemgusa, anambandika noti kipajini au kuiacha kwenye ungo. Wengine huleta mbaazi, mihogo, kuku. Kuku mmoja alikaa nasi siku nne safarini kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kumchinja. Waigizaji wana kazi zao: bodaboda, uvuvi, ushonaji, mmoja anauza korosho za kubangua stendi. Ramadhani hatuigizi. Masika yakikolea hatusafiri. Kila halmashauri ina afisa utamaduni wake na kibali chake, na nimejifunza kupeleka barua kwa mkono na kukaa kwenye benchi hadi isomwe.

Kinachoniumiza ni mabinti. Nimepata wasichana wanne katika miaka hii ambao, nikisema bila kuongeza chumvi, wangeweza kusimama jukwaa lolote Afrika. Wote wanne wameolewa na kuacha. Mmoja aliniletea kanga yake ya jukwaani ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, akaniwekea mapajani bila kusema neno. Ninayo. Sijampa mtu mwingine aivae.

Nigusie mapiko, wachezaji wetu wa vinyago, maana kila mgeni ananiuliza. Nilitaka lipiko aingie kwenye igizo letu, kwa sababu kwenye uwanda wetu hakuna kitu kinachonyamazisha watu kama uso ule wa mti ukitokea upenuni. Mimi ni mwanamke, na lipiko ni siri ya wanaume; anakovalishwa sipafiki. Nilikwenda kwa wazee mara tatu. Mara ya kwanza hawakuzungumza nami, mara ya pili walinipa chai, mara ya tatu wakaniambia: atakuja na watu wake, atacheza, ataondoka na watu wake, na wewe hutamwelekeza. Nikakubali. Kwa hiyo kwenye onyesho letu kuna dakika kumi ambazo hazina mwongozaji. Huwa nasimama na wanawake wenzangu, tunakimbia anapotukimbiza, na mbio hizo si za kuigiza.

Mwaka 2017 tulijaribu kitu kikubwa. Ebrahim Hussein, mwandishi wa tamthiliya ya *Kinjeketile* iliyotoka 1969, ni mzaliwa wa mkoa wa Lindi, na vita anayoizungumzia ilianza 1905 kwenye vilima vya Wamatumbi, wilaya ya Kilwa, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Mwenyewe Hussein alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa, asichukuliwe kuwa ndiye Kinjikitile Ngwale wa historia aliyenyongwa na Wajerumani. Niliona ni aibu watu wa Kusini kuisoma kwa ajili ya mitihani tu. Tukafanya mazoezi miezi mitano, tukapanda basi hadi Nangurukuru, tukaingia Kilwa Kivinje, mji ambao nao una mwembe wenye kumbukumbu ya watu walionyongwa enzi za vita ile.

Tuliigiza vibaya. Nasema hivyo kwa uchungu kwa sababu kosa lilikuwa langu. Niliwaacha vijana wapige kelele, wanyooshe mikono, watamke kila neno kama wako kwenye mashindano ya ngonjera. Baada ya onyesho mzee mmoja akaniita pembeni. "Mwanangu, mmefanya jambo jema kuja. Ila babu zetu hawakuwa wanahutubiana. Mtu aliyekata shauri la kufa huongea polepole." Usiku ule tulilala darasani na hatukulala. Tuliifumua tamthiliya kuanzia mwanzo, kwa sauti ya kunong'ona, kwa sababu wenyeji wetu walikuwa wamelala chumba cha pili. Kunong'ona kukaturudishia maneno. Asubuhi tukaomba kuigiza tena, bure, asubuhi kweupe, mbele ya watu wachache wanaosubiri samaki. Yule mzee alikuja na kiti chake.

Mwaka uliofuata igizo la kangomba lilikwama. Wanunuzi walitoa bei ndogo minadani, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba 2018 serikali ikatangaza itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kuzisomba. Pamoja na hayo ukaja uhakiki wa mashamba kuwabaini kangomba. Neno lenyewe likawa la kutamkwa kwa kunong'ona. Ofisi moja ikanishauri nilipumzishe igizo, nikalipumzisha msimu mzima. Nilikuwa na familia za watu mikononi. Bado najiuliza kama nilifanya sawa.

Tuliporudi nalo, mwisho wake ulikuwa umeshabadilika kabisa. Polisi hayupo. Kangomba akishapima, anaweka bakuli chini katikati ya duara, tupu, na waigizaji wote wanatoka, wanakaa chini miongoni mwa watu. Ngoma zinanyamaza. Anayetaka anaingia. Kule Nanyumbu mzee alilijaza mawe akaliweka juu ya mizani yetu mbovu, akatusomea kilo kwa sauti kama karani. Mtama mwanamke kijana alilifunika kwa kanga, akatoka, na hakuna aliyethubutu kulifunua. Kijiji kimoja mwenyekiti alilibeba akalitoa nje ya duara, watoto wakamwambia arudishe, akarudisha. Nachingwea hakuna aliyeinuka. Tulikaa na lile bakuli hadi mvua ikaanza kulijaza, na hata hapo watu hawakuondoka haraka.

Mwaka 2022 nikasema turudi kule tulikoanzia, Tandahimba. Mwembe upo, umekatwa tawi moja. Nilimtafuta yule mama kwa macho tangu tunawasha moto wa ngoma, nikamwona amekuja amechelewa, amezeeka, ametandika mkeka nyuma kabisa. Igizo likaenda. Bakuli likawekwa chini. Jipya, maana la bluu alikwenda nalo siku ile na sikuwahi kulidai. Watu wakageuka kumtazama yeye, kijiji hakisahau. Hakuinuka. Ukimya ukawa mrefu hadi nikaanza kujilaumu kwamba nimemleta mtu mzima kwenye mtihani mbele ya wajukuu zake. Nikamfuata, nikainama, nikamsalimu.

"Marahaba, Mwalimu. Siku ile nilikuwa na hasira," akasema. "Leo nataka kuangalia tu."

Mbele yetu binti wa miaka kumi na mbili hivi alikuwa ameshaingia katikati, amelichukua bakuli, analigeuzageuza kama anatafuta lilipotobolewa. Mama akasogea, akanipa nafasi kwenye mkeka. Nikakaa. Akaninong'oneza bila kuondoa macho kwenye duara, "Huyo ni wenu au wa hapa kwetu?"

Nikamwambia simjui.